Kijana wangu wa mwaka wa kwanza amejifungia chumbani. Mlezi mwanafunzi anaishia wapi?

Binti_Kibaigwa

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nasoma chuo kikuu hapa Dodoma, mwaka wa tatu, ualimu wa Kiswahili na Jiografia. Kwenye kozi yetu wanafunzi tuna utaratibu wetu wenyewe: ukifika mwaka wa tatu na ukakubali, unakabidhiwa wadogo wachache wa mwaka wa kwanza uwashike mkono. Hakuna malipo wala cheti. Unawapokea, unawaonyesha kumbi, unawafundisha kusoma ratiba, unawaelekeza pa kuchapisha kazi kwa bei nafuu, unawatajia mhadhiri asiyepokea kazi saa ikishapita. Mimi nilipofika, dada mmoja wa Singida alinifanyia hivyo hivyo, akanitoa uoga wa maktaba, na ndiyo maana zamu yangu ilipofika sikusita.

Mwaka huu nina sita. Watano wanaendelea vizuri, mmoja wao tayari anawafundisha wenzake kutafuta vitabu. Wa sita ndiye aliyenileta hapa.

Ametoka Kasulu. Alikuja na treni ya reli ya kati, ile ya zamani, akashuka stesheni ya Dodoma na begi moja, ndoo, na kidumu cha mawese alichofungiwa na mama yake. Mpole, ana heshima, hata kwenye meseji hawezi kuniandikia bila kuanza na "Dada". Kidato cha sita alisoma HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) akapata daraja la kwanza, kwa hiyo akili anayo. Hosteli hakupata, akapanga chumba Ng'ong'ona na mwenzake ambaye usiku mwingi halali hapo.

Wiki za mwanzo alikuwa anakaa mstari wa mbele na kuandika kila kitu. Kisha kwenye semina moja ya somo la DS (Development Studies) akaulizwa swali. Akasimama, akaanza kujibu kwa Kiingereza, neno likamkwama, akamalizia kwa Kiswahili. Watu wakacheka. Yeye hakunisimulia, nilisikia kwa msichana wa kundi lake. Tangu siku hiyo akahamia viti vya nyuma, halafu semina akaacha, halafu na mihadhara. Wiki hii kulikuwa na testi ya kwanza ya DS, hakutokea.

Simu hapokei. Jana mchana nilimfuata. Saa saba ya jua kali, pazia limeshushwa, mlango umefungwa kwa ndani. Nilibisha mpaka akafungua. Amekonda. Nikamuuliza habari ya testi, akatazama chini, kisha akasema, "Dada, nadhani chuo si changu. Nikipata nauli narudi nyumbani." Akaomba radhi, akarudi ndani.

Naombeni mawazo. Namba ya baba yake ninayo, tuliandikishana siku ya mapokezi: nimpigie? Nipeleke jina lake ofisi ya mshauri wa wanafunzi, au nitakuwa nimemwaibisha? Na mimi mwenyewe ni mwanafunzi, nina utafiti wa mwaka wa mwisho, je, mlezi wa aina yangu anaishia wapi? Daftari lake la wiki za mwanzo nimeliona. Ramani anachora kwa mkono na zinasomeka kuliko za watu wengi wa mwaka wangu. Kijana wa namna hii akiondoka Desemba kabla ya muhula kwisha, sijui nani atamrudisha.

Kamanda_Area_C

Dada, una moyo mzuri na Mungu akuzidishie. Ila nakwambia ninachokiamini: chuo ni cha watu wazima. Huyo si mtoto, amepita mpaka JKT. Leo umemfuata chumbani, mwakani ukishamaliza atafuatwa na nani? Wengi wetu tulikuja bila mlezi, tukapambana, tukatoka na vyeti. Mtumie ujumbe mmoja, mweleze akihitaji msaada akutafute, kisha rudi kwenye utafiti wako. Usije ukaharibu mwaka wako kwa ajili ya mtu ambaye hajaamua kusaidiwa.

Mwalimu_Kondoa

Binti, marahaba. Kamanda, nimekusoma vizuri na nakuheshimu, lakini hapa siko nawe.

Nilisoma UDOM chuo kikiwa bado kichanga. Kilianza 2007, mimi nikaingia 2010, na baadhi ya majengo yalikuwa bado yananuka rangi. Nilipofika mwaka wa pili nikawa mlezi wa wadogo kama huyu Binti. Tangu nimalize nafundisha sekondari huku Kondoa, kidato cha tano na cha sita. Hawa vijana ninakaa nao kabla hawajafika kwenu.

Mwanafunzi wa bweni haamki mwenyewe, anaamshwa na kengele. Kuna kengele ya usafi, ya uji, ya paredi, ya vipindi, ya chakula, ya prepo, ya kuzima taa. Asipoonekana paredi, kiranja anataja jina lake. Asipoonekana prepo, mwalimu wa zamu anakwenda mpaka bwenini. Nimekuwa mwalimu wa zamu huyo. Akimaliza kidato cha sita anaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, huko filimbi na afande, hata kula ni kwa amri. Kisha anashuka Dodoma. Anaingia ukumbi wenye mamia ya watu, mhadhiri anafundisha, anafunga kompyuta yake, anaondoka. Kijana asipokwenda kesho, hatajwi. Asipokwenda wiki nzima, hatajwi vile vile. Wako wanaoufurahia uhuru huo. Wapole kama huyu wanauelewa kwa namna nyingine: wanaona kwamba wakiwepo au wasiwepo ni mamoja. Kwa hiyo Kamanda, kumfuata mlangoni si kumdekeza. Dada huyu amefanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kengele na kiranja, na sasa haina mtu wa kuifanya.

Binti, katika yote uliyoandika, kilichonishtua ni neno "amekonda". Testi nitairudia. Kabla ya testi, kabla ya Kiingereza, jua kijana anakula nini. Na usimuulize "umekula?" Mtu aliyelelewa vizuri, hasa wa Kigoma niliosoma nao, atakwambia "nimeshiba, asante" huku tumbo linamnguruma. Muulize mkaa ananunua kwa nani. Muulize unga wa huku anauonaje. Muulize yale mawese bado yapo. Majibu ya maswali hayo hayana namna ya kufichwa kwa adabu.

Hapo ndipo utajua habari ya fedha. Posho ya chakula na malazi kwa mwenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Ukiitumia kwa nidhamu inakulisha. Lakini hiyo ni ya aliyepangiwa mkopo. Majina hutoka kwa awamu, wengine hukata rufaa na kusubiri, na anayesubiri hana bumu, yaani hiyo posho, la kusaini wenzake wakisaini. Siku ambayo wenzake wanakwenda mjini kununua viatu, yeye ndipo anapofunga pazia. Mwaka wa kwanza nimewaona wengi wanaosema hawalipendi somo fulani, au hawaipendi Dodoma, ukikaa nao vizuri unakuta ni pasi ndefu: mlo mmoja kwa siku, na huo mmoja ni chai na maandazi mawili. Mtu wa pasi ndefu ubongo haushiki, na akichekwa semina kicheko kinamwingia mara mbili.

Kuhusu baba yake, usipige simu kwa siri. Kijana akijua ulizungumza na mzazi nyuma yake, hutamwona tena mlangoni. Mwambie apige yeye, wewe ukiwa umekaa karibu, na umwachie aongee Kiha chake kwa raha. Mama akisikia sauti tu anaelewa.

Kuhusu ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ipo kwa ajili ya mambo haya haya, na hapo ndipo mpaka wako ulipo. Chakula cha siku mbili unaweza kumtafutia. Ratiba unaweza kumwelekeza. Ada, rufaa, kuahirisha masomo, hayo ni ya ofisi, na kazi yako ni kwenda naye, usimtume peke yake. Tembea naye mpaka kwenye benchi la kusubiria. Na akikwambia maneno ya kutotaka kuishi, au ukaona halali, hali, haongei, usisubiri kesho wala usijadiliane na mtu mtandaoni. Siku hiyo hiyo ofisini, au hospitali. Dodoma tuna Benjamin Mkapa, tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, tuna Mirembe. Najua vijana mnalitumia jina la Mirembe kutaniana, nami darasani kwangu nimelipiga marufuku, kwa sababu siku mtu anahitaji daktari wa afya ya akili, ule utani ndio unaomzuia kwenda.

Mama_Wapangaji

Mbukwenyi wanangu. Mimi sikusoma sana, ila nina vyumba huku huku Ng'ong'ona na wapangaji wangu wote ni wanafunzi, hivyo niruhusuni niseme.

Mwanangu Binti, Mwalimu amesema kweli kuhusu chakula. Mimi huwa nawajua kwa majivu. Mpangaji anayepika, asubuhi anatoka kumwaga majivu. Nikiona siku ya tatu mtu hajamwaga majivu wala jiko lake halijatoka nje, najua. Siendi kumwuliza, maana mtoto wa kiume ukimwuliza njaa unamvunja. Nafanya hivi: nina mjukuu darasa la sita, namwita yule kijana, "Baba, hebu njoo umwelekeze huyu hesabu, mimi siziwezi." Anakuja, anafundisha, chakula kinatengwa, anakula na watoto kama mtu wa nyumba. Kesho yake anakuja bila kuitwa. Huyo si ombaomba, ni mwalimu wa mjukuu wangu. Hivyo zungumza na mwenye nyumba wake, umwone kwanza yeye. Huku kwetu tunasikilizana, hata kodi mtu anaweza kupewa nafasi akisema mapema. Tatizo lao hawasemi, wanajificha mpaka mwisho wa mwezi.

La pili, mwanangu, usiingie chumbani kwake peke yako. Najua nia yako ni njema, lakini watu wana midomo na wewe ni binti wa watu. Kaeni barazani, na uende na mwenzako.

La tatu. Watu wa Kigoma huja huku Oktoba wakakuta mibuyu haina hata jani, upepo wa vumbi, midomo inapasuka, maji ya bomba yana chumvi mpaka sabuni inakataa povu. Kwao kuna migomba na ziwa. Mmoja aliniuliza, "Mama, huku watu wanaishije?" Alilia kabisa. Mche ukiuhamisha, siku za mwanzo majani yananyauka ilhali mzizi ni mzima. Sasa mvua zimeanza, mibuyu imechipua, sisi tumeshaingia shambani kupanda uwele na karanga. Mtoe nje aone. Mkipita kwangu mlenda upo, akiuzoea huo hatarudi Kasulu.

Kijana_Miyuji

Dada Binti, mimi niko chuo cha Mipango, mwaka wa pili, natokea Tunduru. Nina swali moja: huyo ndugu ana simu gani?

Nauliza kwa sababu mimi nilikuja na kiswaswadu, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Kila kitu kinatangazwa kwenye kundi la WhatsApp: ukumbi umebadilika, asaimenti imesogezwa, kundi la semina limegawanywa upya. Wenye simu kubwa wanaona kabla hawajatoka kitandani. Mimi nilikuwa natembea mpaka ukumbini nakuta patupu. Na aibu inakuzuia kuuliza, maana ukiuliza unajibiwa, "Si imetumwa kwenye kundi?" Mwaka jana CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, alijiongeza, akawa anatutumia meseji ya kawaida sisi tulioko nje ya kundi. Tulikuwa wachache tu, hakuna aliyeombwa hela ya vocha, na mambo yakanyooka.

Halafu hiki Kiingereza. Wote tumesoma kwa Kiingereza sekondari, kuandika tunaweza, ila kusimama na kusema mbele ya watu ni kitu kingine. Kilichonisaidia ni kwamba niliacha kusubiri kuulizwa. Usiku naandika swali moja kuhusu mada ya semina, sentensi mbili, nalisoma kwa sauti kwenye kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, mpaka linatoka bila kuangalia karatasi. Semina ikianza nanyosha mkono wa kwanza, nauliza, nakaa. Mwendesha semina anakuona umeshiriki, hakurudii tena ghafla. Kuuliza ni rahisi kuliko kujibu kwa sababu maneno umeyachagua wewe mwenyewe nyumbani. Baada ya wiki kadhaa nikajikuta najibu bila kujua nimeanza lini. Mwambie ajaribu na yule msichana wa kundi lake, maana kama alikuja kukusimulia, basi kicheko kile hakikumfurahisha.

Kamanda_Area_C

Mwalimu, hoja ya kengele nimeielewa. Mimi nilikuwa nakaa na kaka yangu mwaka wote wa kwanza, ndiye aliyekuwa ananiuliza kila jioni nimesoma nini. Kwa hiyo nami nilikuwa naye mtu. Dada, nina simu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni lakini WhatsApp inafanya kazi. Nikipata chaja yake naileta chuoni, umpe.

Binti_Kibaigwa

Jamani, ahsanteni sana. Mama, shikamoo. Kamanda, Mungu akulipe.

Leo nimekwenda tena. Nilikwenda na CR wa mwaka wa kwanza na yule msichana wa semina, na kwanza tukamwona mwenye nyumba. Ni mama mtu mzima. Akasema alikuwa ameshaona mambo si mazuri lakini akadhani kijana anafunga swaumu. Akatutandikia mkeka barazani, akamwita yeye mwenyewe: "Mwanangu, toka, una wageni." Alipoitwa na mama mwenye nyumba hakuweza kukataa.

Tulinunua wali na maharage kwa mama lishe wa pale njiani, sahani nne, tukala wote. Sikumwuliza chuo. Nilimwuliza mkaa ananunua kwa nani. Akanyamaza. Msichana akamwuliza mawese yameisha? Akasema bado yapo, ila hakuna cha kuunga. Hapo ndipo maneno yakaanza kutoka.

Mkopo hakupangiwa, amekata rufaa na anasubiri. Baba yake ni mkulima wa maharage, aliuza mavuno yote kulipa sehemu ya ada na kodi ya miezi ya mwanzo, na kijana ameapa hatamwomba tena hata shilingi. Chai asubuhi kwa jirani anayemsaidia kuteka maji, basi mpaka kesho. Akiona wenzake wa darasani wanakwenda kula anaondoka mapema asije akakaribishwa, kwa sababu anajua hataweza kuwakaribisha na yeye. Nilimsikiliza nikawa natazama sahani yangu.

Na simu ni kiswaswadu. Kijana wa Miyuji, swali lako ndilo lililofungua testi. Testi iliwahishwa siku moja, ikatangazwa kwenye muhadhara ambao hakuhudhuria na kwenye kundi la WhatsApp ambalo hayumo. Yeye alikuwa amesoma. Alisoma usiku kucha kwa tochi ya simu. Siku iliyoandikwa kwenye ratiba ya zamani alitoka asubuhi, akatembea mpaka ukumbini na kalamu mbili, akakuta darasa la watu wengine. Akakaa nje mpaka saa ya testi ikapita, akidhani labda wamechelewa. Alipouliza, akaambiwa ilishafanyika jana. Kumbe siku nilipomkuta amejifungia, alikuwa ametoka kukaa pale nje.

CR alikuwepo, akasikia yote. Hapo hapo ameandika namba yake, na amesema kesho atauliza darasani wako wangapi wasio na simu kubwa, wote watapata meseji ya kawaida. Inawezekana huyu si peke yake, maana darasa ni kubwa.

Mama mwenye nyumba amesema kodi isubiri majibu ya rufaa. Hana mjukuu wa darasa la sita, ila ana kijana wa kidato cha pili anayehangaika na Jiografia ya ramani, na mnajua huyu wetu anavyochora ramani. Wameanza jioni hii hii. Amempigia mama yake pia, tukasogea pembeni wakaongea muda mrefu.

Kesho saa mbili asubuhi nakwenda naye ofisi ya mshauri wa wanafunzi kuhusu rufaa na nafasi ya hosteli muhula ujao. Kisha nataka tushughulikie testi. Kosiweki, yaani kazi na testi za muhula, kwenye kozi yetu ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Testi hii peke yake ina alama 15, kwa hiyo akiikosa anaanza na shimo. Kuna mtu ametushauri tutafute cheti cha zahanati kwamba alikuwa anaumwa, ndiyo njia ya haraka. Mwalimu, unasemaje? Na barua inaandikwa kwa nani?

Mwalimu_Kondoa

Cheti cha uongo hapana. Hakuumwa, na kijana mwenye ukweli wa namna hii hana haja ya kuanza masomo yake kwa kughushi. Kikigundulika, mlichokuwa mnakiokoa kinageuka kesi ya nidhamu, na kesi hiyo itakuwa na jina lake.

Barua iandikwe kwa mkuu wa idara inayofundisha somo hilo, kupitia kwa mhadhiri wa somo. Lakini kabla ya kuipeleka, aende kumwona mhadhiri uso kwa uso saa za ofisi, wewe ukisubiri nje. Aingie peke yake na azungumze mwenyewe. Akikwama Kiingereza aombe ruhusa ya kueleza kwa Kiswahili, ofisini hilo si kosa.

Barua iwe ukurasa mmoja. Jina, namba ya usajili, kozi, jina na msimbo wa somo, tarehe ya testi. Aya ya kwanza aeleze alichofanya: alijiandaa, akafika siku ya ratiba ya awali, saa fulani, ukumbi fulani. Aya ya pili aeleze kwa nini taarifa haikumfikia: hakuhudhuria muhadhara ule, na hana simu ya kuingia kwenye kundi. Asifiche kwamba hakuhudhuria. Aya ya tatu aombe kupangiwa testi nyingine au kazi mbadala kwa uamuzi wa mhadhiri. Asilalamikie mtu yeyote, na habari ya njaa asiiweke humo, hiyo ni ya ofisi ya mshauri. Kama mshauri wa wanafunzi atakubali kuandika dokezo fupi, mliambatanishe. CR naye aandike mistari miwili kuthibitisha kwamba tangazo lilitumwa kwenye kundi na kwamba huyu hakuwemo. Nakala moja abaki nayo, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Uamuzi ni wa mhadhiri na idara, anaweza kukataliwa. Wakikataa, bado kuna testi ya pili na asaimenti, kaeni mpige hesabu ya alama zilizobaki kwenye karatasi aione kwa macho yake, maana kichwani mwake sasa hivi ameshafeli tayari. Testi ya pili ni lini?

Binti_Kibaigwa

Wiki ya pili baada ya likizo ya Krismasi. Nauli ya kwenda Kasulu hana, kwa hiyo likizo atabaki hapa, na mimi nabaki kwa ajili ya utafiti. Rasimu ya barua ameshaianza usiku huu, kwa Kiingereza, mwenyewe. Msichana wa semina amesema ataipitia kesho saa moja kwenye kimbweta kabla hatujaenda ofisini.

Mama_Wapangaji

Krismasi mje kwangu wote watatu, na huyo CR kama haendi kwao. Kuku nitachinja. Mwambie mchora ramani alete yale mawese.